Miche inanyauka na udongo umelowa: namna ya kuokoa kitalu na kumwagilia ipasavyo

Mkulima anaamka alfajiri, anakwenda kitaluni na kukuta baadhi ya miche ya nyanya imelala chini. Jana jioni ilikuwa imesimama. Wazo la kwanza ni kwamba ina kiu, basi anachukua keni na kumwagilia. Jioni anakuta iliyolala imeongezeka, anamwagilia tena. Siku ya nne nusu ya kitalu imekwisha, na mbegu ile ilinunuliwa kwa fedha.

Maswali ya namna hii hutufikia kila msimu wa kuandaa vitalu. Wengi huuliza dawa gani ipigwe. Kabla ya dawa, sisi huuliza swali moja: udongo ukoje? Mara nyingi jibu ni kwamba umelowa, tena unateleza. Hapo tatizo si kiu. Miche imezama.

Katika makala haya tunaeleza jinsi ya kutambua miche iliyozidishiwa maji, hatua za kuiokoa, na namna ya kumwagilia miche michanga ili tatizo lisirudi. Mfano wetu mkubwa ni nyanya, lakini maelezo mengi yanafaa pia kwa kabichi, pilipili hoho, bilinganya, vitunguu na miche ya miti.

Mizizi nayo inahitaji hewa

Ukishika bonge la udongo mzuri huoni nafasi ndani yake, lakini zipo. Kati ya chembe na chembe kuna vitundu vidogo. Vingine hushika maji, vingine hushika hewa. Mzizi unahitaji vyote viwili: maji ya kunywa na oksijeni ya kupumua.

Maji yakizidi, hewa hufukuzwa kwenye vitundu hivyo. Mzizi usio na oksijeni hukosa nguvu ya kufanya kazi yake, na kazi yake ni kuvuta maji na chakula. Ndiyo maana mche ulio kwenye tope unanyauka kama ulio jangwani: maji yamejaa, lakini mzizi hauwezi kuyavuta. Ukiongeza maji mengine, unauzamisha zaidi.

Kiu au maji mengi? Pima kwa kidole

Majani peke yake yanaweza kukudanganya, kwa sababu mche wenye kiu na mche uliozama yote hulegea. Udongo ndio unaosema kweli.

Chomeka kidole kati ya mistari ya miche hadi kiungo cha kwanza, yaani kina cha kama sentimita 2. Kisha chukua udongo wa kina hicho uufinye kiganjani.

- Udongo ukimwagika kama unga na haushikani, ni mkavu. Mwagilia.
- Ukishikana bonge, na bonge likavunjika unapoligusa kwa kidole, una unyevu wa kutosha. Subiri.
- Ukitoa maji au ukabaki kama tope linalonata, maji yamezidi. Usimwagilie.

Dalili nyingine za maji mengi ni hizi: majani ya chini kugeuka manjano, miche kudumaa, utando wa kijani juu ya udongo, na harufu ya uvundo ukifukua kidogo. Angalia pia saa. Mche wenye kiu hulegea mchana wa jua kali, ukapata nafuu jioni au baada ya kumwagiliwa. Mche uliozama huendelea kulegea hata asubuhi kukiwa na baridi.

Ukiwa bado na shaka, ng'oa mche mmoja kwa uangalifu, uoshe mizizi yake kwenye kikombe cha maji. Mizizi mizima ni myeupe na imara. Iliyooza ni ya kahawia na laini, na ukiivuta kwa vidole ganda la nje huchomoka likaacha uzi mwembamba katikati.

Usisahau sota. Huyu ni kiwavi anayekata shina la mche usiku karibu na ardhi. Mche uliokatwa na sota huwa na jeraha la kutafunwa, na ukifukua udongo kandokando yake unaweza kumkuta amejikunja. Huyo tiba yake ni nyingine.

Kinyausi hupenda tope

Maji mengi huleta hasara mara mbili. Kwanza hunyima mizizi hewa. Pili huamsha ugonjwa wa kinyausi, ambao huua miche michanga katika vitalu vingi vya mboga.

Kinyausi husababishwa na vimelea vya aina kadhaa vinavyoishi kwenye udongo, vikiwemo Pythium, Phytophthora, Rhizoctonia na Fusarium. Pythium na Phytophthora ni vya jamii inayopenda maji sana: hutoa vijimbegu vidogo visivyoonekana kwa macho ambavyo huogelea kwenye maji ya udongo hadi vifike kwenye mzizi. Kitalu kilichojaa maji ni barabara yao.

Ugonjwa huu huweza kuozesha mbegu kabla haijachomoza, na mkulima akadhani ameuziwa mbegu mbovu. Kwa miche iliyokwisha kuota, shina hulainika usawa wa udongo, hunywea na kuwa jembamba kana kwamba limefungwa uzi, kisha mche huanguka. Mara nyingi huanza sehemu moja, hasa penye bonde, kivuli kizito au msongamano, halafu hupanuka kama duara.

Hatua za kuokoa kitalu

Ukikuta kitalu kimezama, fanya haya siku hiyohiyo.

1. Acha kumwagilia. Weka keni pembeni hadi sentimita 2 za juu zikauke. Inaweza kuchukua siku moja kwenye kichanga, au siku tatu na zaidi kwenye udongo wa mfinyanzi. Pima kwa kidole kila asubuhi.

2. Fungua njia ya maji. Chimba mtaro kuzunguka tuta wenye kina cha sentimita 15 hadi 20, uelekee mteremkoni. Kama miche iko kwenye trei au makopo, yainue kutoka ardhini, uyaweke juu ya fito au matofali, na uhakikishe matundu ya chini hayajaziba.

3. Ruhusu upepo na jua la asubuhi. Ondoa nyasi nzito zilizolala kati ya miche. Fungua kichanja asubuhi na alasiri. Mchana wa jua kali rudisha kivuli chepesi, kwa sababu mizizi iliyoumia haiwezi kushindana na jua la saa 7.

4. Ondoa iliyoanguka. Ng'oa miche yote iliyonywea shina pamoja na udongo wake, na ile inayoizunguka kwa upana wa kiganja. Ipeleke mbali uichome au uifukie. Usiitupe kwenye shimo la mboji. Nawa mikono na uoshe kijiti au panga kabla ya kugusa sehemu nzima ya kitalu.

5. Punguza msongamano. Kama miche imebanana, ng'oa midhaifu ili upepo upite. Inauma kung'oa mche ulio hai, lakini kitalu kilichobanana hakikauki.

6. Tibua udongo wa juu. Kwa kijiti, vunja gamba la juu kati ya mistari, kina cha kama sentimita 1 tu, hewa iingie. Usiende chini zaidi, utakata mizizi.

7. Usitie mbolea. Majani ya manjano humvuta mkulima kutia urea au CAN. Mizizi iliyoumia haiwezi kuitumia, na chumvi ya mbolea huweza kuiunguza. Subiri hadi uone majani mapya.

Kuhusu dawa, tuseme wazi: hakuna dawa inayofufua mche ambao shina lake limekwisha kunywea. Dawa za ukungu hulinda miche iliyobaki, tena zikitumika pamoja na kukausha kitalu. Na kwa kuwa vimelea vya kinyausi ni vya aina mbalimbali, dawa inayozuia kimoja huenda isizuie kingine. Onyesha mche mgonjwa kwa afisa ugani au kwa muuza pembejeo mwenye ujuzi, nunua dawa yenye lebo, fuata kipimo kilichoandikwa, na vaa glavu na barakoa. Kuzidisha dawa kwenye miche michanga nako huunguza.

Kwa nyanya kuna nafasi moja zaidi. Shina la nyanya huweza kutoa mizizi mipya likifukiwa. Miche ambayo shina lake bado ni imara, hata kama mizizi imepungua, unaweza kuihamishia kwenye udongo mpya usiotuamisha maji, ukaifukia hadi karibu na majani ya kwanza. Shika jani, usishike shina, kwa sababu shina likipondeka mche umekwisha. Usifukie shina hivyo kwa kila zao: mipapai, kwa mfano, huweza kuoza.

Kuendelea au kusia upya?

Ndani ya siku 5 hadi 7 baada ya udongo kukauka kiasi, utajua. Mche unaopona husimama asubuhi, hutoa jani jipya la kijani, na ukiuchungulia mizizi utaona ncha nyeupe. Majani ya zamani yaliyogeuka manjano mara nyingi hayarudi kuwa kijani, hilo lisikutie hofu. Tazama majani mapya.

Kama zaidi ya nusu ya kitalu imelala na duara linazidi kupanuka, usisubiri muujiza. Mche wa nyanya hukaa kitaluni takribani wiki 4 hadi 6 kutegemea joto la mahali. Kila wiki unayopoteza ukikiuguza kitalu kilichokwisha, mavuno nayo yanasogea mbele, pengine hadi sokoni kumejaa nyanya na bei imeshuka. Sia mbegu nyingine mapema, lakini si kwenye tuta lilelile. Vimelea bado vimo.

Wakulima wenye uzoefu husia akiba: tuta dogo la pili, siku chache baada ya la kwanza. Mbegu kidogo za akiba ni nafuu kuliko msimu uliopotea.

Maji kiasi gani? Tupige hesabu

Lita 1 ya maji ikimwagwa sawasawa kwenye mita 1 ya mraba hutoa maji ya kina cha milimita 1. Kumbuka hilo tu, mengine yanafuata.

Tuseme tuta lako lina upana wa mita 1 na urefu wa mita 5, yaani mita 5 za mraba. Unamwaga keni 3 za lita 10 asubuhi na nyingine 3 jioni. Jumla ni lita 60 kwa siku, sawa na mvua ya milimita 12 kila siku.

Sasa tuangalie yanayotoka. Katika maeneo yetu, siku ya jua kali na upepo huchukua takribani milimita 4 hadi 6 za maji kutoka shambani. Kitalu chenye kivuli hupoteza kidogo zaidi ya hapo kwenda chini. Kwa hesabu ya milimita 5 kwa siku, ndani ya wiki moja umeingiza milimita 84 na zilizotoka ni 35. Milimita 49 zimebaki. Kwenye kichanga zitazama chini zikiondoka na mbolea yako. Kwenye mfinyanzi zitabaki pale pale, juu ya mizizi.

Kwa tuta hilo la mita 5 za mraba, lita 20 hadi 30 zinatosha kwa siku nzima ya jua kali. Siku ya mawingu na baridi, nusu yake au pasipo kabisa. Kipimo hiki ni cha kuanzia. Kidole ndicho kinachoamua.

Mahali nako kuna neno lake. Dodoma, penye upepo mkavu, tuta hukauka haraka kuliko Lushoto au Njombe, ambako ukungu na baridi huweza kuacha udongo umelowa siku mbili. Kichanga cha pwani hutaka maji kidogo mara nyingi. Udongo mweusi wa mbugani, kama unaopatikana Shinyanga na Simiyu, hushika maji muda mrefu, hivyo hutaka siku za kupumzika.

Wakati wa mvua, weka kopo lililonyooka pembeni ya kitalu. Mvua ikikatika, tumbukiza rula. Ukikuta milimita 10, kila mita ya mraba ya tuta lako imepata lita 10. Hapo keni ipumzike mpaka kidole kikuambie vingine.

Kumwagilia kwa kufuata umri wa mche

*Tangu kusia hadi kuota.* Nyanya huota kwa kawaida baada ya siku 6 hadi 10. Wakati huu udongo wa juu usikauke, kwa sababu mbegu iko kina cha kama sentimita 1 tu. Funika tuta kwa nyasi kavu nyepesi, mwagilia kidogo asubuhi, na jioni ongeza kidogo pale tu juu pamekauka. Miche ikianza kuchomoza, ondoa nyasi hizo siku hiyohiyo.

*Baada ya kuota hadi majani mawili halisi.* Hiki ndicho kipindi cha hatari zaidi kwa kinyausi. Wengi huendelea na maji yaleyale ya wakati wa kuotesha, na hapo ndipo wanapokosea. Sasa mwagilia mara moja kwa siku, asubuhi, na acha uso wa udongo ukauke kabla ya kumwagilia tena.

*Majani matatu na kuendelea.* Mwagilia kwa nafasi zaidi, lakini maji yafike chini kwenye mizizi. Maji ya juujuu kila mara hulea mizizi ya juujuu, na mche wa namna hiyo hulia njaa ukifika shambani.

*Wiki moja hadi siku 10 kabla ya kuhamisha.* Punguza maji na kivuli polepole ili miche ikomae. Ikilegea kidogo mchana na kusimama jioni, ni sawa. Siku ya kuhamisha, mwagilia kitalu vizuri saa chache kabla, ili mche utoke na bonge la udongo.

*Shambani.* Hamisha jioni. Kila shimo lipate nusu lita hadi lita 1, kisha weka matandazo bila kugusa shina. Siku za kwanza chungulia udongo kila siku. Mche ukishashika, mwagilia kila baada ya siku 2 au 3 kulingana na udongo na jua.

Saa nzuri ya kumwagilia ni kati ya saa 12 na saa 2 asubuhi. Majani hukauka mapema na mche huingia kwenye jua ukiwa umeshiba. Maji ya usiku huacha majani na udongo vikiwa vimelowa hadi asubuhi, na ukungu hufurahi. Kama huna nafasi asubuhi, mwagilia saa 10 alasiri kabla jua halijapoa.

Tumia keni yenye kichwa cha matundu madogo. Kama huna, toboa kifuniko cha chupa ya plastiki kwa sindano iliyopashwa moto. Maji ya ndoo yakimwagwa kwa nguvu hulaza miche na kurusha udongo wenye vimelea juu ya majani. Epuka pia maji ya dimbwi lililotuama, hasa yale yanayopokea maji ya shamba lenye ugonjwa.

Kitalu kisichozama

Kabla ya kuchagua mahali, chimba shimo la kina cha sentimita 30, lijaze maji, yakiisha lijaze tena. Kama kesho yake maji bado yametuama, hapo si pa kuweka kitalu.

Inua tuta sentimita 15 hadi 20, na kwenye mfinyanzi zaidi ya hapo. Changanya samadi iliyooza vizuri au mboji, na kichanga kama udongo ni mzito. Usirudie mahali palipokuwa na nyanya, bilinganya, pilipili au viazi mviringo msimu uliopita. Sia kwa mistari iliyoachana sentimita 10 hadi 15, usitawanye mbegu kama chakula cha kuku.

Vimelea vya udongo hupungua ukichoma takataka kavu juu ya tuta kabla ya kusia, kisha ukaacha lipoe. Njia nyingine ni kulowesha tuta na kulifunika kwa plastiki angavu, kingo zake zikafukiwa, kwa wiki 4 hadi 6 za msimu wa jua kali. Joto hufanya kazi hiyo.

Kwa miche ya viriba, kama parachichi, kahawa na mipapai, hakikisha kila kiriba kina matundu chini na pembeni, na viriba havikai kwenye kidimbwi. Mizizi ya parachichi huoza upesi kwenye maji yaliyotuama, na mpapai ukizama siku mbili tatu unaweza kufa kabisa. Nyanyua kiriba mkononi: kilicho chepesi kina kiu, kilicho kizito kiache.

Kwa kifupi

Mche ukilegea, mkono usikimbilie keni. Gusa udongo kwanza. Ukiwa mkavu, mwagilia asubuhi mpaka maji yafike kwenye mizizi. Ukiwa umelowa, acha maji, chimba mtaro, ondoa iliyoanguka, ruhusu hewa, na usubiri majani mapya. Mwambie pia kijana au jirani anayekusaidia kumwagilia, kwa sababu vitalu vingi huzamishwa na watu wawili, mmoja asubuhi na mwingine jioni, kila mmoja akidhani mwenzake hajapita.